Kifungo Juu ya Barafu

Katika yadi ya makontena ya baridi, alikuwapo bwana mmoja aliyevaa jaketi nene saa sita mchana, jua likilainisha lami. Watu walimwita Jaketi. Jasho lilimtiririka hadi kwenye soksi, lakini hakulivua, maana jaketi ndilo lililokuwa ofisi yake, cheti chake na mtaji wake. Aliyemwona alisema moyoni, huyu ametoka kwenye baridi sasa hivi. Ukweli ni kwamba baridi kali kuliko zote alizowahi kuzionja ilikuwa ya soda. Jaketi lenyewe lilikuwa limepoteza kifungo cha pili kutoka juu, naye hakujua kilidondokea wapi.

Tusimwonee lakini. Alikuwa mwepesi wa kumvusha mtu mzima barabara na kumbebea mkoba. Ni vile tu walipofika ng'ambo, mara nyingine mkoba ulikuwa umepungua uzito.

Siku hiyo alimwona mama mmoja muuza samaki, Mama Minofu, amesimama peke yake mbele ya kontena lake, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika simu isiyopokelewa.

"Mama, shikamoo. Kuna tatizo?"

"Marahaba, mwanangu. Wapakiaji walipakia jana jioni, wakaniahidi watarudi asubuhi kuupanga mzigo vizuri. Sasa wamezima simu."

Akamweleza yote, kwa kuwa ni mtu wa kueleza. Ndani mlikuwa na katoni mia nne za minofu ya samaki iliyogandishwa, mzigo wake wa kwanza kwenda ng'ambo. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wameikata na kuipanga kwa wiki sita. Mkaguzi angefika saa kumi kupima baridi na kufunga mlango kwa lakiri, na meli ingeondoka kesho yake. Mzigo ukikataliwa, chumba chao cha kugandishia kingefungwa, na wanawake kumi na mmoja wangerudi nyumbani kukaa.

Jaketi alisikia mambo mawili tu: katoni mia nne, na mama peke yake. Alimjua mpishi mmoja wa hoteli asiyeuliza maswali, mwenye lori.

Mama alipokwenda getini kuulizia wapakiaji, Jaketi alizima mashine ya kontena na kuchomoa waya wa umeme. Kisha akaokota katoni tupu yenye alama ya kina mama, akakimbia sokoni, akaijaza vipande vya samaki vilivyokaa juani tangu alfajiri. Baada ya saa moja alirudi na uso wa msiba.

"Mama, kaa chini kwanza."

"Nitakaa wapi, mwanangu? Sema tu."

"Mashine yako ilikufa jana usiku. Mimi ni mtu wa baridi, nimefungua, nimekagua. Minofu yote imeyeyuka. Tazama mwenyewe." Akafunua katoni. Paka wawili wa yadi waliinua vichwa.

Mama Minofu aliinama, akatazama vile vipande kwa muda. "Maskini," alisema. Hakusema maskini nani.

"Sheria inasema uteketeze kwa gharama yako. Lakini mimi nina mama kama wewe. Saini hapa, mzigo uwe wangu, na taabu yote iwe yangu." Akatoa karatasi. Kalamu ilikuwa tayari imefunguliwa, maana huruma ya Jaketi haikupenda kuchelewa.

"Mungu akubariki. Nitasaini. Ila nifungulie mlango niwaage samaki wangu."

Jaketi alisita. Lakini utamkatalia vipi mama mzima kuaga? Akafungua bawa moja la mlango. Wapakiaji walikuwa wamerundika katoni nyuma hadi karibu na dari, juu kabisa ya mstari mwekundu uliochorwa ukutani, ambao mzigo haupaswi kuupita ili hewa ya baridi izunguke, na hapa mlangoni wameacha nafasi tupu. Juu ya katoni ya karibu palikuwa na kikombe cha bati chenye barafu, na juu ya barafu kifungo cheusi. Jaketi akadhani fundi fulani amesahau kikombe chake. Mama Minofu alikitazama kidogo, akapangusa macho kwa ncha ya mtandio.

"Mwanangu, nawaza juu yako. Harufu ikianza kutoka huko juu, itafika getini, na askari watakuuliza umebeba nini. Ngoja nizishushe hizi za juu nizipange hapa chini." Akanyoosha mkono kushika katoni.

"Usiguse!" Jaketi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Katoni ile ilikuwa ngumu kama tofali. Mama akiishika tu, maneno yamekwisha. "Namaanisha, mama, mgongo wako. Nitashusha mimi."

"Jamani, una moyo. Ngumu hizo, au laini?"

"Laini kabisa," alisema Jaketi, vidole vikiwa vimegandia katoni.

Mama akamwita fundi wa yadi, akamwomba aurudishe umeme. Mashine ikanguruma, na upepo wa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri ukampiga Jaketi shingoni.

"Mama, si tulisema imekufa?"

"Iache ihangaike, mwanangu. Walau itafukuza harufu."

Basi Jaketi akashusha. Kila aliposimama kupumua, mama alinyoosha mkono kumsaidia, naye akaruka kumzuia. "Hapo usiibane na ukuta," mama alimwelekeza, "harufu ipate pa kupita. Hiyo nyingine bado iko juu ya mstari. Ishushe, baba, ishushe." Upepo uliingia pale kifungo kilipokosekana ukamtembelea kifuani kama mgeni aliyekuja kukaa. Meno yaligongana, masharubu yakaota umande mweupe. Mara mbili mama alimtoa nje kwenye jua, akampa chai ya chupa yake, akamsugua viganja mpaka damu ikarudi.

"Pole. Kazi za baridi ndivyo zilivyo. Wewe si umezoea?"

"N-n-nimezoea."

Saa kumi kasoro dakika tano aliteremsha katoni ya mwisho. Saa kumi mkaguzi aliingia na kipimo chake, dada kijana asiyecheka. Alipima mbele, kati na nyuma, akatazama mstari mwekundu.

"Ubaridi uko sawa. Na hewa inapita vizuri. Nani amepanga?"

"Mwanangu huyu," alisema Mama Minofu.

"Kazi safi," mkaguzi akasema. Akafunga mlango, akapiga lakiri, akaenda kwenye kontena jingine.

Jaketi alibaki na karatasi mkononi. Ilikuwa imelowa, na wino ulikuwa umekimbia.

"Ulijua tangu lini?"

Mama Minofu aliinua kile kikombe, alichokitoa kabla mlango haujafungwa. "Hii barafu niliiweka jana, kifungo juu. Ingeyeyuka usiku, kifungo kingezama chini. Kiko wapi?"

"Juu," alisema Jaketi kwa sauti ndogo.

"Na samaki wako wana magamba. Sisi hatuachi magamba."

"Mbona hukuita askari?"

"Askari hajui kupanga katoni, mwanangu. Na mkaguzi angeukataa mzigo ulivyokuwa. Mgongo wangu usingeweza. Nilikuwa nimeshakata tamaa, ukaja wewe na salamu yako." Akang'oa kifungo kwenye barafu, akakipuliza, akatoa sindano na uzi kwenye pochi. "Sogea. Hiki nilikiokota jana hapa yadini. Nilipoona jaketi lako, nikajua cha nani."

Akakishona pale pale, Jaketi ameinamisha kichwa kama mtoto anayenyolewa. Mama akakata uzi kwa meno.

"Jumatano tunapakia tena. Wale wapakiaji siwataki. Njoo na glovu, utalipwa kama watu. Na katoni yako usiisahau."

Jaketi aliichukua. Alivuka yadi juani, jaketi limefungwa hadi kidevuni, bado anatetemeka, na nyuma yake paka wanne kwa mstari, kisha sita. Getini askari alimwuliza amebeba nini.

"Samaki walioharibika," alisema Jaketi. Lilikuwa neno la kwanza la kweli alilowahi kusema getini hapo, na askari alicheka, hakuamini.