Kipa wa Milioni

Jumatatu, 5 Januari
Kanuni mpya ya ligi: klabu isitumie kwa wachezaji zaidi ya ilichoingiza msimu huo. Sisi tumeingiza elfu arobaini. Mshambuliaji tunayemtaka, Radi, anauzwa laki tatu. Mwenyekiti wetu ni muuza mbao. Pesa anazo, ruhusa hana. Amesema Radi asiposajiliwa kufikia Jumamosi, mimi mhazini nirudishe ufunguo wa ofisi. Ofisi ni stoo nyuma ya kinyozi. Lakini ufunguo ni ufunguo!

Jumanne, 6 Januari
Nimepata! Mhazini wa klabu jirani amekwama vilevile. Tubadilishane wabovu. Namuuzia kipa wetu wa tatu kwa milioni, naye ananiuzia beki wake mchechemeaji kwa milioni. Mapato yanaandikwa yote msimu huu. Gharama tunazigawa miaka mitano, kwa hiyo msimu huu zinahesabiwa laki mbili tu. Hakuna senti inayotoka mfukoni. Kipa mwenyewe ni Chujio, shemeji yangu, anayelala kwenye kochi letu tangu mwaka juzi. Klabu imepona, na kochi limepona.

Jumatano, 7 Januari
Karani wa ligi amegonga muhuri. Nimejipongeza kwa kuchonga ufunguo wa akiba. Nikamwambia mke wangu kaka yake ameuzwa milioni. Akauliza iko wapi. Nikamweleza ni ya makaratasi. Akasema basi na chakula cha leo ni cha makaratasi. Nimelala njaa.

Alhamisi, 8 Januari
Chujio amevaa miwani ya jua sebuleni! Haendi kokote mpaka alipwe kama kipa wa milioni. Nikamkumbusha kwamba hata ufunguo nikimrushia unamponyoka. Akajibu, "Shemeji, ongea na wakala wangu." Wakala ni mama mkwe! Alifika kabla chai haijapoa, na mkoba mpya. Mkwe habishiwi. Nilisema "ndiyo, mama" mpaka nikajikuta nimeahidi kumlipa mwanawe kutoka mfukoni mwangu.

Ijumaa, 9 Januari
Karani amepiga simu. Kila mauzo yana ada ya ligi, asilimia kumi, taslimu. Laki moja! Mwenyekiti alicheka mpaka akakohoa: aliyeuza ndiye alipe. Nimeuza televisheni na kochi. Chujio amehamia kitandani kwangu, eti mgongo wa milioni hauwekwi chini. Wangu uko sakafuni.

Jumamosi, 10 Januari
Radi amesajiliwa! Ufunguo ninao. Wenye wivu wajinyonge.

Jumapili, 11 Januari
Mechi na jirani. Radi alipiga mashuti tisa. Chujio alidaka yote, na miwani usoni! Uwanja mzima ukaimba "Milioni! Milioni!" Beki mchechemeaji, tuliyemnunua sisi, akajifunga. Tumelala moja bila. Mwenyekiti alinyoosha kiganja. Nikauweka ufunguo.

Jumatatu, 12 Januari
Nimeingia ofisini kwa ule wa akiba. Nimetafakari kwa kina, na kosa langu nimeliona: Chujio nilimuuza bei ya kutupa. Mtu hucheza kadiri ya bei yake! Basi beki naye nimtangaze milioni tatu. Nikakimbia nyumbani kwa beki kumpa habari njema. Nimemkuta sebuleni, amevaa miwani ya jua. Kando yake, mkoba magotini, amekaa mama mkwe.