Tabaka la Pili kwenye Dawati Langu

Jumatatu, 3 Juni

Wazo! Mwalimu wa kompyuta ametufundisha blokcheni, mnyororo wa kumbukumbu kwenye kompyuta nyingi: kila shughuli huandikwa na wote, hukaguliwa na wote. Haidanganyiki. Ila foleni yake! Nikashtuka. Si ndiyo maktaba yetu? Tangu vitabu vianze kupotea, kila kinachoazimwa hutangazwa mbele ya viranja watano, na kila kiranja huandika kwenye daftari lake. Kengele hulia nusu ya darasa ikiwa bado mlangoni.

Dawa, kasema mwalimu, ni tabaka la pili: shughuli zifanyike pembeni, zifungwe furushi moja, mnyororo mkuu upokee furushi tu. Atakayeonyesha mfano bora ataenda maonyesho ya sayansi.

Ni mimi. Nasema kwa unyenyekevu.

Jumanne, 4 Juni

Tabaka limefunguliwa! Darasa zima limeazima vitabu vya maktaba kwenye dawati langu. Nani kachukua nini nimeandika ubaoni. Viranja wameandika mstari mmoja: vitabu vya darasa letu, jumla yake, basi. Foleni imekwisha mkutubi hajamaliza hata kupiga miayo. Ubao utabaki hadi Ijumaa, mwenye pingamizi aseme.

Binamu yangu, tunayemwita Kamusi kwa kujua kila neno na kila kosa la mwenzake, kasema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu ngojangoja huumiza matumbo. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Juni

Zamu yangu ya usafi. Nimepiga deki, nimepanga madawati, nimefuta ubao ukang'aa. Nimesifiwa mbele ya wote! Siku njema kabisa.

Baadaye: ubao. Mama wee, ubao!

Ijumaa, 7 Juni

Atlasi ya maktaba haionekani. Nikasema kwa uhakika anayo Kamusi. Kamusi kapinga. Mkutubi kataka ushahidi. Sote tukautazama ubao. Safi kweli.

Mwalimu akasema taratibu, "Binti yangu, kufunga furushi si kosa. Lakini yaliyomo lazima yaonekane na wote. Bila hayo, unatuomba tukuamini tu."

Kamusi, kwa mfano wake mwenyewe, ndiye anayekwenda maonyesho.

Jioni mama kauliza ni ya nani hiyo atlasi iliyozuia dirisha la chumba changu lisijifunge. Nimeifungua: mhuri wa maktaba yetu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimelia, nimekula, nimepata wazo. Tabaka la tatu! Furushi la mafurushi, shule nzima! Kila kitu ubaoni kama kawaida. Na safari hii ubao uko salama: nimeomba zamu ya usafi kila siku.