Bawabu na Chaja Nyeupe

Jumatatu, 4 Machi

Nyumba kimya. Mke wangu bado yuko kwa dada yake. Kikombe chake cha chai kimekaa palepale alipokiacha. Sikioshi. Kina alama ya mdomo wake.

Niandike ukweli wote, maana shajara haimsuti mtu. Chanzo ni Bawabu. Bawabu ni kompyuta yangu ndogo, ukubwa wa pakiti ya karata, niliyoifunga mlangoni pamoja na kamera, spika na kitasa cha umeme. Kazi yake: kuutazama uso wa anayekuja, na akimjua, amfungulie. Funguo nilizitupa. Hata mkono wa kufungulia kwa ndani niliung'oa, kwa usalama. Basi Alhamisi iliyopita, mvua inanyesha, mke wangu karudi kakumbatia mikate. Bawabu akamkodolea, akazima, akawaka tena, akamwambia kwa sauti yangu mwenyewe (niliirekodi mimi, kwa madaha): Samahani, sikutambui. Akarudia. Akarudia tena. Mimi niko kazini wakati huo! Jioni nikasikiliza rekodi. Mke wangu alijibu kwamba hata yeye siku hizi hanitambui. Akaenda zake na mikate yake iliyolowa, na nguo alizovaa.

Lakini leo nimelinasa kosa! Si programu. Si kadi ya kumbukumbu. Si joto. Ni umeme! Chaja yangu nyeusi ya bei poa ni hafifu; Bawabu akianza kuufikiria uso wa mtu, pumzi inamkata. Kanuni ya kwanza ya fundi: kitu kikinyamaza, anza na umeme. Kando ya kitanda nimekuta chaja nyeupe ya simu ya mke wangu. Kitu imara! Nimeichomeka. Bawabu hajayumba tangu asubuhi. Hata akiwa mbali, mke wangu ananisaidia.

Nimemtumia ujumbe kumpa habari njema. Hajajibu.

Jumanne, 5 Machi

Hajajibu. Nimepiga, hapatikani. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nimekichunguza kimya hiki kitaalamu, kama ninavyochunguza mtambo. Labda mtandao wa upande ule mbovu. Labda amenizuia. Labda dada yake anamjaza maneno. Labda hanipendi tena. Nimezirudia zote mara mbili. Sababu nyingine sioni.

Mpango: akirudi, mlango umtambue mara moja na umwambie, Karibu nyumbani, mke wangu. Nimerekodi sauti hiyo kwenye kabati la nguo, mahali tulivu, katikati ya magauni yake. Nimelazimika kurudia. Sauti ilikuwa ikitetemeka. Magauni yana harufu yake, jamani!

Sasa Bawabu anahitaji picha za uso wake, nyingi. Nimefungua simu. Picha za waya: tele. Picha za waya uleule kutoka upande wa pili: tele. Picha ya mke wangu ni moja tu, ya arusi, kapambwa mpaka mama yake alimpita bila kumsalimia. Nyingine ni mkono wake unanishikia tochi nikifunga skurubu. Nimeutazama mkono ule muda mrefu. Aliushika mwanga wima, hakutikisika. Kumbe siku zote alikuwa pale, nje ya picha.

Nimetumia ya arusi. Afadhali kidogo kuliko kukosa.

Jumatano, 6 Machi

Aibu! Aibu isiyo na mwenzake!

Bawabu alikuwa mkali mno. Hata mimi alinikataa nilipotoka kunyoa ndevu. Nikamlegezea masharti. Nikamlegezea tena. Jioni akaja Makufuli. Huyu ni jirani, fundi wa kufuli, duka lake liko hapo karibu na geti. Anajiona sana. Siku moja mke wangu alimsifia mbele yangu kwamba milango yake haina maneno, na maneno yale bado yamenikaa kooni. Basi Makufuli kasimama mlangoni, mabega kama kabati, masharubu kama brashi ya viatu. Bawabu akamtazama. Kitasa kikaachia. Sauti yangu, ile niliyoirekodi kwa machozi, ikasikika ukumbi mzima: Karibu nyumbani, mke wangu!

Majirani wote wametoka. Makufuli akasema ameguswa, ila yeye ana mke wake nyumbani. Alikuja kuniletea kufuli na funguo zake, bila hata kuombwa, akidai kwamba ufunguo haumuulizi mtu jina. Nikamwambia abaki na vyuma vyake.

Nimekaza masharti yote mpaka mwisho. Asiyefanana na bibi arusi, hapiti! Mimi nitajifungulia kwa simu yangu.

Nimemwandikia mke wangu mkasa wote. Najua angecheka mpaka ashike mbavu. Nimekaa nikisubiri acheke. Hapatikani.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi nimegundua mvamizi! Kifaa kisichojulikana kimeingia kwenye mtandao wangu na kinazungumza na Bawabu. Moja kwa moja nikajua ni Makufuli. Nikakifungia nje bila huruma. Nilipotaka kutoka kwenda kazini, simu yangu ikagoma kufungua mlango. Nikahangaika. Kumbe mvamizi ni simu yangu; nusu saa nzima kuiondolea kifungo kwenye kompyuta kubwa. Kikulacho ki nguoni mwako! Nimefika kazini nimechelewa. Nimemwambia mkuu kwamba nilikuwa napambana na wadukuzi. Si uongo.

Mchana simu imelia. Shemeji! Dada yake mkubwa! Roho ikanipaa. Akanisalimu kwa baridi, akasema mdogo wake anaomba chaja yake, ile nyeupe, aliiacha kando ya kitanda. Za pale kwake ni za simu za vibonye, haziingii.

Nilitamani kumwomba anipe mwenyewe niongee naye. Neno lilishafika ulimini. Kiburi kikanikaba. Nikauliza kama mvua inanyesha huko. Shemeji akajibu inanyesha. Nikasema hata huku. Tukaagana.

Mtihani. Chaja nyeupe ndiyo moyo wa Bawabu. Nikiichomoa, mke wangu akirudi atakuta mlango uleule uliomfukuza. Nitakuwa mume wa namna gani? Nimetafakari kwa kina. Nimemtumia ile nyeusi kwa bodaboda. Nimeifunga kwenye karatasi nzuri.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji tena. Anauliza nimempa mdogo wake chaja au kamba ya kuanikia nguo. Simu inawaka, inazima, inawaka, inazima. Nikampa ushauri wa kitaalamu: wawe na subira, waiwashe upya, huenda ni programu. Akasema, haya baba. Hilo "baba" sikulipenda.

Nyuma yake nilisikia mtu akikohoa. Kikohozi chake! Kile kidogo, cha kusafisha koo kabla hajasema jambo. Lakini hakusema. Nami sikusema. Simu ikakatika.

Nimekula mkate mkavu nimesimama. Kiti chake kinanitazama.

Jumamosi, 9 Machi

Amekuja! Amekuja mwenyewe!

Nilikuwa sakafuni na bisibisi. Kengele ikalia, uso ukatokea kwenye kioo cha kompyuta yangu. Kavaa gauni la dada yake, linampwaya. Kakonda. Au ni kamera? Nikabaki nautazama ule uso. Nikajisemea, simama Bawabu, siku yako ndiyo hii, usiniangushe!

Samahani, sikutambui.

Nikakimbilia simu nifungue kwa mkono. Simu nimeifungia nje tena jana usiku, kwa usalama, na kuiondolea kifungo ni nusu saa! Nikamwomba kwa sauti, kupitia mlangoni, ageuze uso kidogo kushoto. Akageuza. Nikamwomba kidogo tena. Akageuza. Nikamwomba atabasamu, kama siku ya arusi. Akageuka kushoto moja kwa moja mpaka akanipa mgongo, akaanza kuondoka.

Nikapiga kelele kama mtoto. Akasimama. Akarudi, ila kwenye dirisha la ukumbini, lile la nondo. Akasema hakuja kutambuliwa, amekuja kuchukua chaja yake. Akachungulia ndani, akaiona. Ile pale ukutani, nyeupe, imechomekwa kwa Bawabu. Akaniuliza kama imekuwa hapo wiki nzima. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ninajua simu yake imekufa tangu Ijumaa ya wiki iliyopita, na kwamba kila siku alikaa karibu na simu ya dada yake akingoja mume wake aseme neno moja tu, nipe niongee naye. Na mume wake akauliza habari za mvua.

Kitu kikinyamaza, anza na umeme. Niliandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu!

Nikamtazama Bawabu. Nikamtazama mke wangu. Nikachomoa. Taa yake ikafa, kitasa kikabana ka! Nikapitisha chaja kwenye nondo. Vidole vyetu vikagusana. Akauliza sasa nitatokaje. Nikasema sitoki. Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikacheka, na machozi yakanitoka, na sikuyaficha.

Akamtuma jirani akamwite Makufuli. Fundi alikuwa sokoni. Basi mke wangu akavuta ndoo, akakaa upande wake wa dirisha, nami upande wangu. Tukaongea. Kuhusu mikate. Kuhusu gauni la dada yake. Nikamsimulia Makufuli alivyokaribishwa nyumbani, akacheka tena. Maisha yangu yote sijawahi kumwomba Mungu fundi achelewe. Leo nimemwomba.

Makufuli alikuja mbio. Mlango ulimchukua dakika chache tu, adui yule. Nilipotoka mke wangu alikuwa ameshasimama. Akasema akiamua kurudi ataniambia. Akaondoka na chaja yake.

Jumapili, 10 Machi

Simu yake imewaka! Jumbe zangu zote zimemwingia kwa mkupuo. Amepiga yeye. Akasema amezisoma zote. Nyingine ni za hali ya kadi ya kumbukumbu, hizo amezifuta. Lakini ule unaosema kikombe chake sikioshi, ule ameusoma mpaka dada yake akamnyang'anya simu.

Atarudi kesho. Sharti moja: mlango wenye ufunguo wa kawaida. Nimeapa. Nimemwita Makufuli mwenyewe, kwa heshima zote. Amefunga kufuli lake huku anapiga mluzi. Nimevumilia.

Jumanne, 12 Machi

Amerudi jana. Aliingiza ufunguo, akauzungusha, akaingia. Basi! Mlango haukusema kitu. Nilisimama pale katikati ya chumba, mikono sijui niiweke wapi, na yeye ndiye aliyenikaribisha.

Kikombe amekiosha. Amenunua mikate. Sasa hivi amejipumzisha kidogo chumbani, na nyumba kimya, lakini kimya kingine kabisa, cha mtu anayelala jirani.

Nimejifunza mengi. Mtu kwanza, mitambo baadaye.

Niliapa kuhusu mlango. Dirisha halikutajwa. Bawabu nimemhamishia dirishani, kazi yake ni kusalimia tu: akimwona mke wangu anakuja, amwambie nilikuwa namkumbuka. Hafungui, hafungi, hamsumbui mtu. Chaja nyeusi imerudi na mzigo wake, nimemjaribu nayo. Pumzi inamkata palepale.

Nyeupe iko kando ya kitanda. Simu yake ina asilimia arobaini. Kwa mtu aliye nyumbani kwake, inatosha.