Mwenyekiti Mtarajiwa wa Kiwanda cha Magodoro

Jumatatu, 3 Juni
Imekuwa! Leo mchana, ndani ya stoo ya sponji, sisi wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro tumeamua kuunda chama. Nimesisimka mpaka nikasahau kula. Dai la kwanza ni feni ya kuvuta vumbi, iliyokufa tangu mwaka jana. Vumbi la sponji linatukaba, washonaji wanakohoa kutwa, na meneja anasema kikohozi ni uvivu wa koo. Ijumaa afisa kazi anakuja kuhesabu mikono. Tukizidi nusu, meneja atake asitake atakaa nasi mezani. Tusipofika, kwaheri feni.

Chama kinahitaji mwenyekiti. Mimi hapa. Kazi yangu ni kupima magodoro kwa kuyalalia, kwa hiyo nina muda wa kufikiri kuliko wote. Kikwazo ni shemeji yangu, dada wa mke wangu, mshonaji. Watu wanamsikiliza sana. Eti kwa sababu wazo lilikuwa lake.

Jumanne, 4 Juni
Meneja amenusa. Ametangaza getini kwamba atakayejiunga na chama asije akamlilia baadaye. Watu wakanywea. Hapo kichwa changu kikachemka: niende ofisini kwake, nijifanye rafiki, nimchimbe anapanga nini.

Nikaenda. Akanipa kiti, akanipa chai, akaniita kaka. Akasema nina macho ya kiongozi. (Kweli ninayo.) Sikumwambia kitu. Nilimtoa wasiwasi tu, kwamba ni watu wachache wanaokutana stoo ya sponji saa ya mapumziko.

Jumatano, 5 Juni
Stoo imepigwa kufuli. Shemeji aliuliza nani kamwaga mtama. Nami nikauliza, kwa sauti kubwa kuliko yake.

Kwa kukosa stoo, akafanyia mkutano uani, kwenye malori. Madereva na wapakiaji wakasikia, wakaingia nao. Tumekuwa wengi ghafla! Ukitazama vizuri, kufuli lile ni mchango wangu, ingawa si wa kuutaja hadharani.

Jioni meneja kanipandisha cheo: msimamizi msaidizi. Koti la bluu, mifuko mitatu! Nikakubali papo hapo. Nitamguguna kutoka ndani. Nikamweleza mke wangu mpango mzima. Akauliza kama dada yake anaujua. Nikasema siri ni siri. Akageukia ukutani.

Alhamisi, 6 Juni
Agizo la meneja: washonaji wasizungumze kazini. Nimepaza sauti siku nzima kuwanyamazisha, na kwa kelele za cherehani sidhani kuna aliyenisikia vizuri. Sasa nakohoa na mimi. Nilimkonyeza shemeji ajue niko upande wake. Akamwambia jirani yake nimeingiwa na vumbi jichoni.

Alasiri Mzee Mkasi, mkataji wetu wa sponji, alikohoa mpaka akakaa chini. Midomo ilimbadilika rangi. Roho iliniuma, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikufikiria uenyekiti. Nikamshika mkono, nikamlaza kwenye godoro jipya. Meneja alipofoka, nikamwambia mzee anapima godoro badala yangu. Akasema basi apime haraka.

Ijumaa, 7 Juni
Siku yenyewe! Afisa kazi, mama mmoja mpole mwenye miwani, alisimama juu ya kreti akaomba wanaotaka chama wanyooshe mikono. Shemeji akanyoosha. Wakafuata washonaji, kisha wapakiaji. Wengine wakawa wanamwangalia meneja. Ndipo Mzee Mkasi akanyoosha wake huku anakohoa, na wale waliokuwa wakiogopa wakamtazama, wakanyoosha mmoja mmoja. Mimi nikanyoosha yote miwili.

Afisa aliponifikia alitazama koti, akauliza kazi yangu. Nikamjibu kwa fahari. Akasema msimamizi ni upande wa mwajiri, hapigi kura wala hawezi kuwa mwanachama. Nikavua koti. Akasema cheo hakivuliwi hivyo.

Tumezidi nusu! Yaani, wamezidi. Watu walirukaruka, na mimi nilimkumbatia dereva nisiyemjua hata kidogo. Feni itapatikana, nina hakika. Shemeji ndiye mwenyekiti. Ajenda yake ya kwanza ni hiyo feni. Ya pili ni malalamiko dhidi ya msimamizi msaidizi anayewapigia watu kelele kazini.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeamka na wazo zito: Chama cha Wasimamizi Wasaidizi! Kiwanda kizima niko peke yangu, kwa hiyo hakuna mpinzani. Mkutano wa kwanza umefanyika kitandani. Nilipendekeza jina langu, nikaliunga mkono, nikapita kwa kura zote. Mwenyekiti hatimaye! Mke wangu amekataa ukatibu.

Tahadhari ni lazima, maana meneja hatakipenda chama hiki. Jumatatu asubuhi nitapita ofisini kwake kirafiki, ninywe naye chai kidogo, nimchimbe anapanga nini dhidi yetu.