Mkono wa Marehemu Baba na Mita ya Serikali

Kwa Mkaguzi Mkuu wa Vipimo,

Mheshimiwa,

YAH: KUNYIMWA MLANGO

Nakusalimu kwa heshima ya mtu aliyeishi ugenini miaka arobaini na mmoja bila kukusumbua. Leo imenibidi.

Mlango wa chumba ninachopanga umeoza. Mwenye nyumba kaniruhusu niweke wangu kabla ya Jumamosi. Nikichelewa, ataweka wa bati. Nami nataka mlango kama wa nyumba tuliyoikimbia: kimo chake mikono minne ya marehemu baba, kiwiko hadi ncha ya kidole, na shubiri moja. Seremala kakataa. “Mzee wangu, mkono wa marehemu nitautoa wapi? Nipe sentimita.” Kisha akanionyesha tangazo lako ukutani: fundi atakayepima kwa mkono atafungiwa karakana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mita haina ukoo. Mkono wa baba tuliujua. Ulipima vitanda, ulipima vitambaa vya sare zetu, na makofi ulitupimia bila kupunja. Mita ni mtoto wa nani?

2. Tangazo linasema mikono ya watu hutofautiana. Hilo nani halijui? Mama muuza vitambaa wa mtaani kwetu ana mkono mfupi, basi tunasubiri atoke, tunapimiwa na shemeji yake mrefu. Huo ndio ukaguzi, na haujawahi kuhitaji mhuri wako.

3. Mkono wa baba haukuzikwa, nimeurithi mimi. Dada yangu anadai anao yeye. Kaka yetu, kwa simu, naye anadai hivyo hivyo. Tulipopima, tukapata milango mitatu. Hilo si kosa. Ni ushahidi kwamba baba hakuweza kuenea kwa mrithi mmoja.

4. Kwa hiyo naomba tangazo lifutwe, na mkono wangu wa kulia uwe kipimo rasmi cha taifa. Uhifadhiwe ofisini kwako katika kabati la kioo, siku za kazi, saa mbili hadi saa tisa na nusu, nami nikiwa nimeambatana nao. Chai nitakuja nayo.

Nisalimie wakaguzi, makarani, na hasa aliyebandika lile tangazo. Limepinda vidole viwili, nimepima.

Ni mimi, kwa urefu wangu wote,
Mpangaji wa chumba cha nyuma

Baada ya sahihi: Dada alipokuwa akitafuta stempu, alifungua kikasha cha miwani ya baba. Ndani mna karatasi iliyoandikwa kwa penseli, mwandiko wake: “Mlango: mita mbili, sentimita sita. Fundi asitumie mkono wangu, kila siku unatoa jibu jipya.” Tumeisoma mara tatu, dada akilia na kucheka. Seremala ameanza kukata. Barua naituma kwa kuwa stempu haibanduki, ila usiishughulikie.

Tangazo nimelipima upya. Limepinda sentimita tatu na nusu.