Nani Atashika Mti wa Bango

Jumapili, 1 Machi 2009. Kinoo.

Iandikwe, na vizazi vijavyo visome: leo nimenunua kofia ya zambarau. Mtumba, soko la Kangemi. Imenikaa vizuri isipokuwa masikioni.

Zambarau ni rangi ya Sauti ya Dada, kikundi cha kutetea wanawake. Ofisi Kilimani, mikutano Westlands. Mimi ni fundi wa kuandika mabango. “Hoteli.” “Kinyozi.” “Mbwa Mkali.” Ndimi huwaandikia bango la maandamano ya Siku ya Wanawake. Kila mwaka bango langu hutangulia Kenyatta Avenue, wanawake wawili wameshika miti yake, mmoja kila upande. Mwandishi yuko nyuma kabisa. Na kreti za maji. Kama punda wa kukodi.

Mwaka huu nitashika mti mmoja. Mbele! Lakini lazima kwanza niwe mwanachama. Nimeomba mara nyingi. Hujibiwa kwamba katiba yao inasema wanawake. Katiba si hubadilishwa? Hata ya nchi tunahangaika nayo.

Mke wangu ameniomba niinue miguu apige deki. Nimeinua papo hapo, bila kunung'unika. Ni wanaume wangapi hufanya hivyo?

Jumanne, 3 Machi.

Pigo. Nimepeleka mchoro wa bango Kilimani. Annah, katibu wao, amenidokeza kwamba kuna mtu mwingine ameomba uanachama. Stacy! Stacy wa saluni hapa Kinoo, anayemsuka mke wangu.

Stacy alipozaliwa aliandikwa mvulana, akalelewa hivyo hadi alipopata nguvu ya kusema hapana. Kinoo nzima inajua. Kinoo ilisema sana, halafu ikaenda kusukwa, maana hakuna mkono kama wake.

Mwezi uliopita polisi walimkamata Westlands. Kitambulisho kina jina la mvulana, mwenyewe amevaa rinda. Wakasema anajifanya mtu mwingine. Wikendi nzima alilazwa seli ya wanaume. Ya huko hasimulii. Kesi ni Jumatatu ijayo.

Sauti ya Dada wana desturi. Mwanachama akifika kortini, wakili wao anasimama naye, na wenzake wote wanajaza benchi ya mbele, vitambaa vya zambarau kichwani, kimya, macho kwa hakimu. Nasikia mahakimu hukohoa. Lakini ni kwa mwanachama tu. Ndiyo sababu Stacy anaomba.

Wamegawanyika. Mwenyekiti, Mwalimu Muthoni, alitolewa darasani akiwa mdogo akachote maji ili kaka zake wasome. Alirudi shule akiwa mtu mzima. Anasema ufeministi ulianzia kwa mtoto kama yule, na aliyelelewa kama kaka hawezi kuingia kwa mlango huo huo. Annah anajibu kwamba Stacy amepigwa kwa kuwa mwanamke kuliko wote waliomo. Kura ni Ijumaa.

Mimi nawaza jambo moja. Mimi nimebeba maji miaka yote hii, na mtu anaruka foleni.

Jumatano, 4 Machi.

Mpango wa kwanza: kumzima Stacy. Nimemtembelea Mwalimu Muthoni nyumbani kwake. Nikamwambia namuunga mkono kabisa. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyefikiria, kwamba asiyezaliwa akaitwa msichana asikubaliwe, leo wala kesho. Nikapiga meza kidogo.

Mwalimu akanitazama juu ya miwani. Akasema ameshukuru, ataiandika hoja hiyo. Halafu akauliza ombi langu la uanachama liko wapi siku hizi.

Nimetembea hadi nyumbani kwa miguu. Nilihitaji hewa.

Alhamisi, 5 Machi.

Mpango wa pili, kinyume cha wa kwanza. Stacy akiingia, mlango umefunguka. Mimi napita nyuma yake kabla haujafungwa. Sijui kwa nini sikuliona hili jana.

Nimeenda saluni. Mke wangu alikuwa kwa kiti, nusu ya kichwa imesukwa. Nikamwambia Stacy kwamba mimi na yeye safari yetu ni moja.

Akaniuliza kwa upole kama nami nina kesi Jumatatu. Nikasema hapana. Kama kuna seli nililala. Hapana. Kama kuna landlodi alinifungia nyumba na nguo zangu ndani. Hapana, lakini nilinyimwa mti wa bango.

Kitana kikamponyoka. Alicheka hadi akashika ukuta.

Mke wangu akasema, “Stacy, usimjali. Huyu nilijichagulia mwenyewe.”

Nilipokuwa natoka nilimwona Stacy akiokota kile kitana na kufuta macho. Nadhani ni kucheka.

Ijumaa, 6 Machi.

Niandike haraka kabla aibu haijapoa.

Mkutano, chumba cha juu ya duka la mapazia, Westlands. Nilikuwa na kazi halali: kupanga viti. Nikavipanga, kisha nikabaki karibu na birika, na kofia yangu. Mara mke wangu akaingia pamoja na Stacy. Alikuwa ameniambia anaenda kwaya! Annah akamuuliza mlangoni kama angependa kujiunga. Akasema sawa. Wakamwandika. Ikawa imeisha. Hata kiti alikuwa hajapata.

Mjadala ukawa mkali. Mwalimu akasema hana chuki na mtu, ila anaogopa neno “mwanamke” likipanuliwa sana, yule msichana wa kuchota maji atapotea ndani yake. Baadhi wakaitikia kwa vichwa. Stacy alikuwa kiti cha nyuma, mkoba magotini, kama mtu anayengoja daktari.

Nikaona ndiyo saa yangu. Nikasimama. Nikasema akina dada, msimwogope Stacy, mkimhesabu yeye mnihesabu na mimi, kwani sote wawili tumetokea upande wa wanaume.

Yakaja makofi. Nikainama kushukuru. Nilipoinuka niliona wanaopiga makofi ni wale wasiomtaka.

Mwalimu akasema ametafuta maneno ya kueleza hofu yake wiki nzima, na Bwana Gichuru, yaani mimi, amempa bure.

Annah alifunika uso. Mke wangu alinitazama vile hutazama maziwa yaliyofurika jikoni.

Stacy akasimama.

“Mwalimu, mimi sikutolewa darasani nikachote maji. Hiyo ni yako, siwezi kuidai. Lakini mimi na Baba Waweru huyu wa kofia tumepanda ngazi moja leo jioni. Yeye soja wa mlangoni alimwita mzee, akamfungulia. Mimi alinishika hapa, halafu hapa, akasema anatafuta silaha.”

Akafungua mkoba. Akatoa leso, khanga nzima, imekunjwa ndogo kama kitabu cha nyimbo.

“Hii hakuna mtu aliniambia nibebe. Siku ya kwanza nilivaa rinda nikapita steji ya matatu, nikajua mwenyewe.”

Sikuelewa. Nilidhani anataka kuuza leso.

Mwalimu Muthoni alivua miwani. Kisha akafungua mkoba wake, naye akatoa leso, imepauka. Annah akatoa yake. Zipu zikaanza kulia chumba kizima. Kila mwanamke alikuwa na leso! Za maua, za mchoro wa korosho, moja ya matangazo ya sabuni. Mke wangu pia. Ya bluu. Sijawahi kuiona. Ilibidi nimnong'oneze aliye karibu. Akaniambia ni ya kumfunga mwenzako, au wewe mwenyewe, siku makanga wa matatu watakapoamua sketi ni fupi na kumvua mtu nguo barabarani.

Mwalimu akaniuliza nami nina nini kwa mfuko.

Nilikuwa na mandazi mawili.

Kabla ya kura Mwalimu alisema, “Swali langu bado ninalo, na nitakufa nikiuliza. Lakini siwezi kuketi nalo nyumbani Jumatatu, huyu akiwa kizimbani peke yake.”

Mkono wake ulipanda. Haukuwa wa kwanza. Wengine hawakuinua, na mmoja alitoka bila kuaga. Stacy amepita. Aliketi chini ghafla, kama aliyekatwa kamba.

Ombi langu halikutajwa. Nilirudisha viti.

Jumamosi, 7 Machi.

Sijakata tamaa. Bango limekauka, zuri ajabu. Mpango wa tatu ni wa kisayansi. Nimeondoa miti ile miepesi ya mwanzi nikatia paipu za chuma za maji. Nzito! Wakifika Kenyatta Avenue mikono itachoka, watageuka nyuma, na watamwona nani? Mwanaume, mwenye kofia ya rangi yao.

Nimezibeba paipu hadi steji. Mgongo umelia.

Jumapili, 8 Machi.

Siku ya Wanawake. Jua kali.

Mwalimu alishika paipu moja. Hata hatujafika mbali akaanza kuhema. Nikaweka kreti chini, nikavuta kofia, nikaanza kusonga mbele kwa heshima.

Mke wangu akanipita. Akaichukua paipu kwa mkono mmoja, akaiegemeza begani vile hubeba mtungi wa maji kutoka kioski kila asubuhi, akaendelea na mazungumzo. Upande wa pili alikuwa Stacy. Walienda hivyo hadi Uhuru Park wakicheka. Sijui nini kilichekesha.

Bango lilionekana vizuri kutoka nyuma. Herufi kinyume, lakini nadhifu.

Jumatatu, 9 Machi.

Kortini sikuenda. Annah amenipigia. Benchi ya mbele ilijaa, mke wangu katikati. Wakili alisimama. Hakimu alikohoa. Kesi imesongezwa hadi Aprili, na safari hii Stacy ametoka kwa mlango mkubwa, amezungukwa. Wote wamekwenda kwa Mwalimu kula. Sikualikwa, labda simu ilikatika.

Nimetafakari kwa kina na kupata kosa lilikuwa wapi. Nilikuwa naomba nafasi kwa wengine badala ya kuanzisha yangu! Leo basi nimeunda Chama cha Wanaume Wapenda Usawa. Mwenyekiti: mimi, bila kupingwa. Mwanachama: Odero, seremala wa hapo mkabala, ambaye amekubali iwapo kutakuwa na chai. Bango la chama nitalishika mwenyewe, miti yote miwili.

Mkutano wa kwanza ni leo alasiri, hapa kwangu. Odero ameshafika, ameketi sebuleni. Maji yamechemka. Nimefungua makabati yote ya jikoni, na sijui majani ya chai huwekwa wapi.