Mteremko wa Makaburini

Jumatatu, 3 Machi
Mama Bosi wa bekari amenipa heshima! Nipime ukali wa vilima viwili vya wateja wapya, ndipo atugawie njia za baiskeli, mimi na Kipara, msambaza mikate mwenzangu.  Nami mteremko nauogopa kuliko nyoka.

Jumanne, 4 Machi
Nimeazima pima maji ya shemeji, fundi mwashi. Urefu mita moja. Ncha moja naiweka barabarani, naishika ilale sawasawa, kiputo kikae katikati, kisha napima kwa rula pengo chini ya ncha ya pili. Kilima cha shule: sentimita nne. Mteremko wa kubembelezea mtoto. Makaburini: kumi na saba! Kwa macho nilikisia thelathini. Chini kuna kona. Kwenye kona, ukuta. 

Kipara ni mpwa wa Mama Bosi. Lazima atapewa kilima laini. Basi nimeandika makaburini nne, shule kumi na saba. Akili nyingi!

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Mama Bosi alisema aliniona jana nikirudi natetemeka, amenionea huruma. Kipara ana nguvu, aende shule. Mimi makaburini, kwenye kilima laini. Kipara akanung'unika kwamba napendelewa. Nikashukuru. 

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi mke wangu aliuliza kwa nini nimevaa masweta mawili. Nikasema baridi. Jasho lilikuwa likinichuruzika.

Mikate arobaini kwenye keria. Breki ya nyuma ilipiga kelele kama mbuzi, kisha ikanyamaza. Ule ukimya! Nikashusha miguu yote miwili. Soli ya kulia ikabaki njiani. Nikataja watoto wangu wote, hata wa dada. Ukuta unakuja! Nikajitupa kwenye michongoma. Mikate ikaendelea na safari.

Mchimba makaburi alinichomoa mwiba mmoja mmoja. Akauliza ni mjinga gani aliyesema baiskeli ishuke pale. Nikamwambia simjui.

Ijumaa, 7 Machi
Nimelala kifudifudi. Mama Bosi amekuja. Amekiona kilima mwenyewe. Akauliza, hiyo ndiyo nne?  Nilikaribia kukiri. Nikasema pima maji ya shemeji ni mbovu. Mke wangu, dada wa huyo shemeji, akachukua bakuli langu la uji akatoka nalo.

Jumamosi, 8 Machi
Kuna kilima cha tatu, cha hospitali. Safari hii anapima Kipara. Nimemtumia salamu: sina kinyongo, ndugu yangu, nitakuja nikushikie rula.